Bujora: jukwaa lisilo na paa, na watazamaji ndio waamuzi

Sisi wakazi wa Mwanza tuna malalamiko ya siku nyingi, kwamba Nairobi imekuwa na jumba la taifa la maigizo tangu mwaka 1952 na Kampala, ng'ambo ya ziwa, tangu mwaka 1959, ilhali mtu wa hapa akitaka kutazama sanaa za jukwaani huishia kwenye ukumbi wa harusi uliopangwa viti vya plastiki. Wimbo huo nami nimeuimba sana. Juni iliyopita nilikwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma nje kidogo ya jiji, si kwa ajili ya kuangalia vitu vya kale kama nilivyopelekwa nikiwa mwanafunzi, bali kutazama ngoma tangu asubuhi hadi jua linazama, na tathmini hii naiandika kwa kipimo kilekile ambacho ningetumia kupima jumba la maonyesho: mtu anaona nini, anasikia nini, na kwa nini mahali hapo pawepo.

Kufika si kazi. Daladala za Kisesa hupita Buzuruga na Igoma kwenye barabara ya Musoma, safari ya kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji, na ukishuka Kisesa unachagua kati ya bodaboda na miguu yako. Mimi nilichagua miguu, kwa kuwa ngoma husikika kabla ya kuonekana na nilitaka kusogea nikiifuata.

Mahali hapa hapakuanza kama uwanja wa ngoma, na historia yake ndiyo inayopapa uzito. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao wengi tunawaita Mapadre Weupe, alifika Bujora katika miaka ya 1950, na Wasukuma wakampa jina la Fumbuka. Katika zama ambazo kwenye misheni nyingi kucheza ngoma kulihesabiwa kuwa ni kurudi gizani, yeye alifanya kinyume: kanisa akalijenga la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo kwa kawaida huangukia Juni wakati mavuno yamekwisha kuingia ghalani, akaifungulia mlango wa ngoma. Hapo ndipo ilipotoka Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma ni maua, kutokana na maua ya maandamano ya siku hiyo. Utemi ulipofutwa nchini mwaka 1963, ngoma za kitemi, viti na ngao vilibaki bila ikulu ya kuvitunza, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1968 yakawa makao ya vitu hivyo. Kwa hiyo anayekaa leo kutazama uchezaji wa Bujora amekaa hatua chache tu kutoka kwenye hazina ya mavazi, ala na heshima ambayo uchezaji huo umechota. Majumba mengi makubwa ya miji hayana bahati hiyo. Hazina yao imo kwenye picha zilizotundikwa ukumbi wa kuingilia.

Lakini sikwenda kwa ajili ya historia peke yake. Kilichonivuta ni kanuni ya mashindano, ambayo sijaiona katika jumba lolote la kulipia tiketi. Makundi mawili huwekwa kwenye uwanja mmoja, moja huku na jingine kule, kisha yote mawili huanza kwa wakati mmoja. Hakuna zamu, hakuna pazia, hakuna meza ya majaji wenye kalamu. Mtazamaji yuko huru kuhama apendavyo, na kundi lililovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Mzizi wa jambo hili ni wa karne ya 19, katika ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana ni nani mwenye dawa kali zaidi na wakaliamua shauri lao kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu, na hadi leo ukimuuliza mchezaji yeye ni wa upande gani, atakujibu kwa fahari ya mtu anayetaja ukoo wake. Dawa ya mvuto nayo haijaondoka katika mazungumzo. Kundi likishindwa, hutasikia kwamba manju wao, yaani mwimbaji kiongozi, alikuwa na sauti mbovu, utasikia kwamba wenzao walijiandaa.

Nilipofika nilisimama upande wa kushoto kwa sababu moja tu, kwamba ndiko kulikokuwa na kivuli. Bibi mmoja aliyejifunga kanga mbili, akiwa ameketi juu ya kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, alinitazama kwa muda kisha akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamjibu, "Shikamoo bibi, mimi mtazamaji tu." Akacheka. "Marahaba, mwanangu. Hapo uliposimama umeshapiga kura. Kama roho yako iko kule, nenda kule."

Roho yangu ilikuwa kule kweli, maana kule walikuwa wakicheza bugobogobo. Hii ni ngoma ya jembe, iliyozaliwa katika vikundi vya kulima ambavyo vilihitaji mpigo wa pamoja ili mistari ya shamba isonge bila mtu kubaki nyuma, na ndiyo ngoma ya Kisukuma iliyosafiri kuliko nyingine, hata wanafunzi wa sanaa Bagamoyo hufundishwa. Nilikuwa nimeiona mara kadhaa majukwaani, nikadhani naijua. Nikiwa hatua tatu kutoka kwa mpiga ngoma ndipo nilipotambua ambacho jukwaa la mbali huficha: hakuiangalia ngoma yake hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mpini. Kijana alirusha jembe juu, likazunguka, na muda wote lilipokuwa hewani ngoma ilinyamaza. Lilipotua kwenye kiganja ndipo pigo liliporudi, zito, kiasi kwamba vumbi lilionekana kuruka kwa sababu ya sauti. Ukimya ule ndio ulionifanya nihamie huko kabisa, na nina hakika si mimi peke yangu, kwa kuwa nyuma yangu kivuli kilibaki karibu kitupu.

Wapinzani hawakukubali kirahisi. Walileta bayeye, wacheza na nyoka, na chatu alipotolewa kwenye kikapu watu walitukimbia kwenda kumtazama; alipoinua kichwa wakarudi mbio kwetu, kisha wakaenda tena, safari hii polepole. Jinsi ya kuhesabu kura za namna hiyo nawaachia wenyewe.

Kuhusu sauti, niseme wazi. Miezi michache kabla, nilitazama ngoma hizihizi katika ukumbi mmoja wa mjini, ambapo fundi mitambo aliweka maikrofoni mbele ya kila ngoma, akaongeza sauti hadi spika zikaanza kukwaruza, na maneno ya manju, ambayo ndiyo mashairi yenyewe, yakapotea kabisa. Bujora siku ile niliyasikia maneno, pamoja na utani ambao makundi hutupiana, na pale Kisukuma kiliponizidi, jirani yangu alinitafsiria bila kuombwa.

Majengo ya makumbusho yanastahili saa moja kabla ya ngoma. Banda la kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na kuna mahali palipoonyeshwa jinsi kila rika la Wasukuma lilivyokuwa na maneno yake ya kuhesabu moja hadi kumi. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikijaribu kuhesabu kama mzee na kushindwa kufika sita.

Ushauri wangu kwa anayepanga kwenda ni kwamba achague siku kwa uangalifu. Ngoma fupi inayochezwa kwa ajili ya wageni ni nzuri, na mwenye haraka itamtosha, lakini ni kama kutazama timu ya mpira ikifanya mazoezi: ufundi wote upo, mpinzani hayupo. Ninayoisifu hapa ni siku ya mashindano. Mwenye kutaka kiti chenye namba, kiyoyozi na ratiba inayofuata saa ya ukutani asijisumbue, kwani uwanja wa ngoma una jua, una vumbi, na una watu wanaokanyagana wanapohama. Achukue kofia, maji na kigoda. Na kwa kuwa mshindi hupatikana kwa idadi ya miili, asije peke yake kama kuna upande anaoupenda.

Jua lilipokuwa linashuka nilirudi kumuaga yule bibi. Alikuwa palepale, kigoda hakijasogea hata hatua moja, na kumbe kivuli chenyewe kilikuwa kimekwisha kuhama. Nikamuuliza kama hakutamani hata kidogo kwenda kuona majembe. "Mimi ni Mgalu," akasema, akarudi kumtazama chatu.