Mbio za kwanza za baiskeli za mteremko: tyubu au bila tyubu?

Chukua njia ya Fort William, Uskoti: karibu kilomita 2.8, ikishuka takriban mita 550, mawe matupu juu na msitu wenye mizizi chini. Hapo tairi la nyuma ndilo huteseka zaidi.

Ukiweka tyubu, huna budi kujaza upepo mwingi, psi 30 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) kwa mwenye kilo 75. Ukipunguza, jiwe linaibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ukiongeza, tairi linadunda juu ya mizizi na kuteleza. Faida yake ni wepesi wa kubadilisha: pancha ya mazoezini inamalizwa kwa dakika 10, kwa mikono na pampu ya kawaida.

Bila tyubu, tairi likiziba lenyewe kwenye rimu, unapunguza upepo hadi psi 23 mbele na 27 nyuma, na tairi linashika ardhi. Kazi iko kwenye maandalizi: bandika utepe wa rimu bila mkunjo, kaza vali, mimina mililita 100 hadi 120 za maji ya kuziba pancha, kisha jaza kwa kompresa mpaka usikie mdomo wa tairi ukikaa kwenye rimu na kulia “pa!” Fanya siku mbili kabla. Utepe uliokunjika huvuja polepole, na hugundui mpaka asubuhi ya mbio. Sponji inayowekwa ndani ya tairi kukinga rimu huongeza gramu 150 hadi 250, lakini huiokoa isigongwe na mawe; tairi la nyuma lisiikose.

Kwa mbio zenyewe, bila tyubu. Tyubu ibaki kwenye begi, akiba ya rimu ikibonyea.