ICU aliyolazwa mama mkubwa figo ziliposimama: nawapa nyota nne

Ukitafuta ICU ya mgonjwa mwenye maambukizi makali hapa Dar achana kwanza na marumaru za mapokezi, uliza hivi, mkojo wa mgonjwa mnaupima kila baada ya muda gani? Hapa kwa mama mkubwa walikuwa wanapima kila saa na kuandika kwenye chati, ndo maana nikawaamini. Jina la hospitali naliacha kwa sababu haya ni mambo ya ugonjwa wake, na lawama pia ninayo moja.

Aliingia na UTI iliyopanda mpaka kwenye figo halafu ikaingia kwenye damu, presha iko chini kabisa, anaongea vitu havieleweki. Zahanati ya mwanzo walishampiga sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, mfululizo kwa ajili ya kiuno, dokta wa ICU aliposikia akazifuta hapohapo, akasema presha ikishuka hivi dawa za jamii hiyo zinazidi kuinyima figo damu. Wakatoa damu ya kuotesha vimelea na antibayotiki ya mshipa ikaingia ndani ya saa moja, hawakusubiri majibu ya maabara. Hapo nawasifu sana jamani.

Kwenye dripu sisi ndugu ndo tulikuwa na kelele, mkojo hautoki basi ongezeni maji! Dokta akatukalisha. Akasema mwanzo wameshampa 30 ml kwa kila kilo ya uzito, kuanzia hapo kila chupa inaongezwa baada ya kumpima, maana maji yakizidi yanajaa kwenye mapafu na figo zenyewe zinavimba, na presha wanaishikilia kwa noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, ili presha ya wastani ifike 65. Akatupa mfano wa Lusaka, utafiti wa University Teaching Hospital uliotoka 2017, wagonjwa wa sepsis (maambukizi makali yanayoharibu viungo mwilini) walioshuka presha, wengi wao wana VVU na wengi hawakupata ICU, waliopewa maji mengi na dawa za kupandisha presha kwa ratiba walifariki asilimia 48, wa huduma ya kawaida asilimia 33. Zambia hapo jirani yetu kabisa. Kelele zikaisha.

Sasa kusafisha damu kwa mashine, yaani dayalisisi. Mama mkubwa ana kilo 60 hivi, kwa hiyo mkojo ukikaa chini ya 30 ml kwa saa kwa masaa sita tayari figo zimeumia, na wake ulikuwa chini ya hapo, kreatinini nayo, uchafu wa damu ambao figo zinatakiwa kuutoa, inapanda kila asubuhi. Binamu zangu walitaka awekwe kwenye mashine siku ileile, mmoja alishaanza kutafuta hospitali ya kumhamishia. Dokta akakataa kukimbilia. Potasiamu, chumvi ya kwenye damu, iko sawa, mapafu safi, tusubiri tukimwangalia. Alisema kuna utafiti mkubwa wa 2020, wagonjwa karibu 3,000 kutoka nchi 15, waliowahishiwa dayalisisi na waliosubirishwa vifo vilikuwa sawasawa, kama asilimia 44 ndani ya siku 90, na kati ya walionusurika wale waliowahishwa ndo wengi zaidi walibaki wanategemea mashine. Mashine haiponyi figo, inashika kazi yake tu mpaka zirudi. Ila potasiamu ilipopanda usiku hawakungoja asubuhi, mpira wa shingoni ukawekwa na mashine ikawashwa usiku uleule kwa sababu potasiamu inasimamisha moyo. Kujua kusubiri na kujua kutosubiri, hiyo ndo huduma niliyolipia.

Manesi wa usiku walikuwa wanaongea naye hata akiwa na dawa za usingizi, "mama, nakugeuza sasa", "mama, nakusafisha mdomo". Binti yake alilia kwa kusikia hivyo tu.

Nyota moja nimeikata kwenye kuruhusiwa. Mkojo ulirudi, mashine ikatolewa, tukapewa karatasi ina orodha ya dawa na hakuna mstari hata mmoja kuhusu figo! Mtu aliyeumia figo hivi anatakiwa apimwe tena kreatinini na protini kwenye mkojo, na ikifika miezi mitatu aangaliwe kama zimerudi sawa au ameanza ugonjwa sugu, na diklofenaki na ibuprofeni asinunue tena dukani kiholela. Haya tuliyapata kwa sababu dada yangu alirudi kumuuliza dokta mlangoni. Ambaye hana wa kuuliza anaenda nyumbani hivyohivyo.

Mengine ya kujua, deposit ya mashine wanataka mapema hata kama una bima, kwa hiyo ulizeni siku ya kwanza bima yenu inalipia nini. Kuona mgonjwa ni mmoja mmoja, na dokta anaongea na ndugu mchana, chagueni mtu mmoja wa kumsikiliza na aende na daftari.