Distributa ya Land Rover ya zamani: ununue ipi ukiwa Malindi?

Land Rover ya petroli, injini ya 2.25, ikianza kukohoa barabara ya kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki, fundi atakwambia distributa, yaani kifaa kinachogawa cheche (moto) kwa plagi, imekufa. Usitoe pesa bado. Vua kofia ya distributa: hewa ya chumvi na unyevu wa kusi huacha ukungu wa kijani kwenye vituo vyake, na moto hutorokea kwenye ufa mwembamba usioonekana kwa haraka. Tikisa shafti kando. Ikicheza, pengo la pointi (vyuma viwili vinavyofunguka na kufunga kutoa cheche) halitakaa kwenye 0.35 hadi 0.40 mm hata ulipime mara ngapi. Nyonya mpira wa vakyumu (bomba dogo la mvuto wa hewa ya injini) kwa mdomo uone kama bamba la ndani linasogea. Kagua pia kijiwaya cha ethi (cha kurudisha umeme kwenye bodi) kwenye bamba hilo. Kikikatika, moto hukatika kwa vipindi, na watu hununua distributa nzima kwa sababu ya kiwaya hicho.

Kama kweli imechoka, chaguo langu la kwanza ni kuifufua ile ile distributa ya Lucas 25D4. Mchonga vyuma mzuri atakutolea bushi mpya (mkono wa chuma unaoshika shafti), na springi zinazowahisha moto zitabaki zile zilizopimiwa injini yako.

La pili ni Lucas 45D4 ya mtumba iliyotoka kwenye injini kama hiyo. Ulizia Mombasa, au tuma mtu Kirinyaga Road, Nairobi. Ila kofia na rota (kidole kinachozunguka chini ya kofia) za 25D haziingii kwenye 45D, kwa hiyo dukani usitaje gari tu. Taja namba iliyogongwa kwenye bodi ya distributa.

Kopi mpya naiweka ya tatu. Bodi huwa nzuri, balaa ni vitu vya ndani: kondensa (kikopo kidogo kinachosaidia pointi) inayozimika ikipata joto, na rota yenye ribiti inayovujisha moto hadi kwenye shafti. Tafuta rota isiyo na ribiti.

Ya kielektroniki? Mjini ni raha, hakuna pointi za kusafisha. Lakini ikifa porini hakuna wa kuitengeneza, na ukiacha swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa huku injini imezima, moduli (kifaa cha umeme kinachochukua nafasi ya pointi) yaweza kuungua. Gari za mwanzo zilitoka na chanya ya betri ikiwa imeungwa kwenye bodi ya gari. Hakikisha yako imegeuzwa, au nunua moduli ya aina hiyo. Pointi za zamani ziweke kwenye boksi la vifaa.

Ya MG au Morris, hata ikifanana kama pacha, mwachie muuzaji. Springi zake ni za injini nyingine, na mlima ukikukuta na mzigo utasikia injini ikigonga.

Wakati wa kubadilisha, weka alama pale rota inapoelekea kisha usizungushe injini. Mpangilio wa moto kwa silinda ni 1-3-4-2, rota ikizunguka kinyume cha saa. Ikipiga mshindo kwenye kabureta, angalia waya za plagi kabla hujamrudia mwenye duka.