Queen ya Studio na Queen ya Jukwaani

Kwetu sisi wapenzi wa roki tunaoishi Tanga, bendi ya Queen inasikika kwa namna mbili: ile ya studio na ile ya jukwaani. Kazi ya studio ina ufundi wa ajabu. Katika "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, wimbo unaokaribia dakika 6, sauti za Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor zilirekodiwa tena na tena na kupandanishwa hadi zikawa kama kwaya kubwa. Ukivaa hedifoni barazani Raskazone usiku, upepo wa bahari ukiwa umetulia, utasikia kila sauti ikiingia kwa zamu yake, mara sikio la kushoto, mara la kulia.

Hata hivyo, mimi nachagua jukwaa. Ni kweli kwamba sehemu hiyo ya kwaya bendi haikuweza kuiimba mbele ya watu, ikalazimu kupigwa kwa kanda. Lakini tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, Mercury, ambaye ni mzaliwa wa Unguja, alisimama mbele ya watu wapatao 72,000, akatoa sauti isiyo na maneno, nao wakamwitikia kama waitikiaji wa ngoma zetu. Zilikuwa dakika 20 hivi tu. Kila ninapotazama onyesho lile, yeye akiwa ameshika nusu ya stendi ya maikrofoni, nami huitikia kwa sauti.