Gauni gani la mtumba ununue kwa vazi la enzi za Victoria

Ukiingia Gikomba au Karume kutafuta gauni la kugeuza kuwa vazi la jukwaani la enzi za Malkia Victoria (1837–1901), anza kukagua chini. Kifua fundi atakirekebisha, lakini kitambaa kikipungua huna pa kukitoa. Pima upindo kwa tepu. Mzunguko usipofika mita 3, liache.

1. Gauni la harusi lenye mkia, satini nzito. Hili halina mpinzani. Mkia wake ndio unaokupa ule mnyanyuko wa nyuma wa miaka ya 1870 na 1880. Shona mto wenye umbo la mwezi mchanga, urefu sm 40, upana sm 15, ujaze pamba na uufunge kiunoni juu ya gagulo. Kisha shonea tepe 3 kwenye bitana chini kidogo ya kiuno, na nyingine 3 upande wa ndani wa satini, sm 50 chini zaidi. Ukizifunga jozi kwa jozi, satini inabetuka na kuangukia juu ya mto kwa mikunjo minene. Tepe zikishikizwa kwenye kitambaa kitupu, uzito wa mkia utakichana, kwa hiyo zipitishe kwenye mshono au weka kiraka nyuma yake.

Kuhusu rangi: satini hiyo ikiwa ya poliesta, haishiki rangi za kawaida za kuchovya nguo. Ukitaka vazi jeusi la msiba, kama alilovaa Victoria tangu Albert afariki 1861, nunua gauni ambalo tayari ni jeusi.

2. Magauni mawili ya wapambe, rangi moja. Mengi hayana mikono, na gauni la mchana la enzi hizo lilifunika hadi shingo na vifundo vya mikono. La pili linakatwa litoe mikono, kola na marinda ya pindoni. Linganisha yote mawili juani kabla ya kulipa. Moja huwa limepauka mabegani.

3. Tafeta ya miaka ya 1980, mikono iliyovimba. Inafaa kwa mtindo wa 1895. Jaza mikono neti ngumu isilale. Sketi mara nyingi ni fupi, hivyo tenga bajeti ya sketi nyingine.

Likra, vito vya kung'aa na shifoni ya tabaka moja, pita. Likra inavutika, mshono unapinda.

Zipu ya mgongoni ifunike kwa safu ya vifungo vilivyovikwa kitambaa, na pasi iwe ya moto mdogo juu ya kitambaa chenye unyevu, maana poliesta huyeyuka.