Kitanda cha mtoto cha fundi wa Keko: kizuri, ila nenda na tepu

Kwa uimara, vitanda vya mninga vinavyochongwa Keko, Dar es Salaam, ni vigumu kuvishinda. Miguu haiyumbi na msasa umepigwa vizuri. Shida ni vipimo.

Anza na fito za ubavuni. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la kawaida la soda likipenya, kiache. Mwili wa mtoto hupita hapo miguu ikitangulia, kichwa kikanasa, na ndiyo maana urembo wa matundu kwenye ubao wa kichwani nao haufai. Ubavu wa kushuka na kupanda usiuchukue hata ukipunguziwa bei: komeo hulegea, ubavu unaachia pengo. Marekani ilipiga marufuku aina hiyo mwaka 2011.

Godoro liwe gumu, libane fremu pande zote. Vidole viwili vikiingia pembeni, ni dogo. Mwambie fundi aweke chaga za ngazi mbili kwa bolti, si misumari: ya juu kwa mtoto mchanga, ya chini mara tu anapoanza kujiinua kukaa.

Mito ya kuzungushia wanayokuuzia pamoja nacho (inapendeza, kweli) ibaki dukani. Alazwe chali, bila mto wala blanketi zito. Chandarua kining'inizwe juu na kuchomekwa chini ya godoro, kikiwa kimekazwa kisimwangukie usoni.