chroma.js: dawa ya rangi zinazochafuka katikati

Wadau mnaotengeneza websaiti hapa Mwanza na kwingineko, naileta chroma.js, laibrari ya JavaScript (kodi iliyoandikwa tayari unayoiongeza kwenye peji yako) ya kushughulikia rangi, maana naona watu wanahangaika sana na hili, yani umeweka rangi ibadilike taratibu kwenye peji, inaanza vizuri inaisha vizuri ila pale kati inachafuka kama maji ya kufulia, na mtu anaanza kulaumu simu. Sio simu. Ni hesabu.

Chukua bluu kamili #0000ff uipeleke njano kamili #ffff00 (hizo ni namba za rangi kwenye kodi). Kwa RGB ya kawaida, yani rangi kuandikwa kwa kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, nyekundu na kijani zinapanda kutoka 0 hadi 255, bluu inashuka kutoka 255 hadi 0, zote zinakutana kwenye 128 hivi. 128 mara tatu ni kijivu tupu. Hesabu iko sawa kabisa ila jicho la mtu halichanganyi rangi hivyo.

Sasa chroma.js, iliyoanzishwa na Gregor Aisch, ni laibrari ya bure na kazi yake ni rangi basi. Unaipa chroma.scale rangi zako, mbili au hata tano, halafu unaiambia ipite njia gani. Mi nimeitumia kwenye peji ya lodge moja upande wa Capri Point, juu kuna anga inayobadilika kufuata saa, na nilipoweka mode ya lch (njia ya kuhesabu rangi kwa mwangaza, ukali na mahali pake kwenye duara la rangi) bluu ile ile kwenda njano ikapita zambarau, ikaingia waridi, ikaja chungwa ndo ikafika njano. Aliyewahi kukaa ufukweni hapa Mwanza kuelekea saa moja jioni akaangalia jua likishuka nyuma ya Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani, anajua nazungumzia nini, hakuna kijivu pale!

Ila badilisha uweke oklch, ndugu yake lch, uone, rangi zile zile zinapitia kijani. Hapa wengi wanachanganyikiwa na sababu yake ni rahisi tu: rangi zimepangwa kwenye duara la nyuzi 360 na laibrari inafuata upande mfupi, bluu kwenye lch iko kama 306 ila kwenye oklch iko kama 264, njano kotekote iko kwenye 100 na kitu, kwahiyo upande mfupi unageuka. Oklch ni mpya zaidi, inatokana na Oklab ya Björn Ottosson ya mwaka 2020, na inashinda pale unapofifisha bluu kwenda nyeupe maana lab ya zamani, ile ambayo lch imetokana nayo, inaileta uzambarau. Kwa machweo lakini nabaki na lch. Usichague kwa jina, weka rangi zako uangalie kwa macho.

Cha kujua kabla hujaishusha, yenyewe haiendeshi animesheni. Inakupa rangi, mwendo unaleta wewe kwa requestAnimationFrame, amri iliyomo ndani ya brauza, yani brauza inakuita kabla ya kuchora kila fremu na inakupa muda, unatoa muda ulioanzia unagawa kwa muda unaotaka, unapata namba ya 0 hadi 1 unaipa scale, kwisha. Tafadhali msiongeze hatua moja moja kila fremu, kwenye skrini ya 120Hz mambo yataisha mara mbili haraka kuliko ya 60. Na mtu akihamia tabu nyingine inasimama yenyewe, chaji haiendi bure.

Kilichonifurahisha zaidi hata sio rangi zenyewe ni chroma.contrast. Anga ikibadilika maandishi juu yake yanapotea, sasa hii inakupa uwiano wa mwangaza kati ya rangi mbili, ukishuka chini ya 4.5, kiwango cha chini cha maandishi kusomeka vizuri, unageuza maandishi kutoka meupe kuwa meusi. Mgeni anayesoma bei za vyumba juani anahitaji hicho kuliko animesheni yoyote.

Maelezo yake yote yako kwenye ukurasa mmoja, ukiufungua mara moja bando linatulia.

Wapi siipendekezi? Kitufe cha kubadilika rangi mtu akikigusa, hapo tumia transition ya CSS tu (CSS ni lugha ya kupamba peji), ukiandika rangi kwa oklch brauza yenyewe inazichanganya ndani ya Oklab, Chrome inakubali tangu toleo la 111 la mwaka 2023. Na kama rangi zako hazibadiliki kutokana na data yoyote, omba chroma.js ikupe kwa .colors(7), yani rangi saba za njiani, zikopi uzibandike kwenye keyframes (hatua za animesheni ndani ya CSS), mteja mwenye simu ndogo kule Ukerewe hatashusha laibrari yoyote. Ila rangi ikifuata saa, au bei ya dagaa, au kina cha maji kwenye ramani, hapo chroma.js inastahili nafasi yake na mi naipa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeizuia kwasababu mode ya kuanzia bado ni RGB, na anayeanza leo atakutana na kijivu kile kile alichokikimbia.